Kiatu cha Kushoto

Mimi sijui mpira. Najua viatu.
Miaka thelathini na moja nimekaa kwenye kibao hiki,
Wete, mlango wa pili kutoka kwa muuza taa,
na msharasi wangu umepita
pale ambapo mtangazaji wa redio hajapita.

Shaame Kombo alikuja kwanza na kiatu kimoja.
Nikamuuliza, "Cha pili?"
"Anacho Khatibu."
Mama yao alinunua pea moja, watoto wawili,
akagawa kama anavyogawa muhogo:
mkubwa kulia, mdogo kushoto.
Mguu mwengine ukakanyaga mawe ya Limbani hivyo hivyo.
Basi msiniambie habari za kipaji.
Ule mguu wa kushoto uliokuja kuwatoa mabeki jasho
ulianzia kwenye ufukara uliogawanywa kwa haki.

Nilikishona kwa uzi wa nailoni, shilingi hamsini.
Hadi leo hajalipa.

Halafu zikaja njumu za manjano.
Timu ya Dar ilimpa, na namba tisa mgongoni.
Alirudi kula Idi na mabao yake kumi na saba,
mtaa mzima ukamfuata mpaka kibaoni kwangu
kuangalia dole gumba lilivyotoboa ngozi.
Mtoto mmoja aliinusa.
Nilitia kiraka kwa ndani,
maana mfungaji hapendi kuonekana ana kiraka.

Akenda Muskati misimu miwili.
Bati likaja juu ya nyumba ya mama yake,
barua hazikuja.
Aliporudi aliniletea njumu zile zile,
nikazigeuza, nikatazama soli.
Ya kushoto nzima.
Ya kulia imelika upande, kama mwezi wa siku tatu.
"Goti?" nikamuuliza.
"Nani kakwambia?"
Soli haijui kusema uongo, Shaame.

Siku ya Gombani sikwenda.
Skuli zinafunguliwa, nina viatu arubaini vya watoto.
Nikasikia kelele ya redio,
kisha nikasikia redio ikizimwa.
Penalti. Juu ya mtambaa panya.
Watu waliopita jioni ile
walitembea kama waliovaa viatu vya wengine.

Miaka minne nikamuona na champali tu,
upande wa pili wa njia.
Champali hazishonwi. Zikikatika hutiwa msumari, mtu akaendelea.

Asubuhi moja, msimu wa karafuu, barabara nzima imeanikwa,
akaja na gunia. Akalimwaga:
viatu ishirini na tatu, hakuna viwili vya pea,
na mpira uliopasuka kama papai.
"Vya watoto. Nawafundisha."
"Unawafundisha nini?"
Akafikiri.
"Kutoa pasi."
Nikacheka mpaka nikajichoma.
Mtu huyu, maisha yake yote, hakumpa mtu mpira!
Naye akacheka.

Nikamwambia ngozi ya kuzibia sina.
Akaingiza mkono chini ya gunia,
akatoa njumu ya manjano, ya kushoto.
"Kata."
Nimekata ngozi za ng'ombe, za mbuzi, za sofa la mkuu wa wilaya.
Kisu hakijapata kuwa kizito vile.
Nikakata.

Sasa yupo msichana, Bihindi, binti wa muosha magari,
mtandio kaufunga fundo nyuma ya shingo.
Anapiga kwa kushoto, na kile kiraka cha manjano
kinatokea, kinapotea, kinatokea.
Shaame kasimama pembeni, mkono gotini:
"Mwangalie mwenzio! Mwangalie mwenzio!"
Bihindi hamwangalii mtu. Anafunga.
Anagombezwa, na anayemgombeza
hajui aufiche wapi uso wake.

Njumu ya kulia nimeitundika msumarini.
Wapita njia huuliza bei.
Wiki iliyopita kaja Khatibu,
ana duka la saruji Mkoani sasa, tumbo mbele.
Akaitazama sana.
"Hiyo ya kulia," akasema, "ni yangu."
Akaketi, akaingiza vidole vitatu, ikakataa hapo.
Akakaa nayo hivyo hivyo,
simu ikilia mfukoni,
mpaka adhana ya alasiri.